Mafua yamekwisha, kikohozi kinabaki: kwa nini kifua kinakuwa chepesi kushtuka Likasi wakati wa kiangazi

LIKASI, Haut-Katanga – Homa imeshuka, pua imekauka, mtoto amerudi shuleni. Lakini usiku, hewa ya baridi ikiingia chini ya mlango au moshi wa mbabula ukipita dirishani, kikohozi kinaanza upya na kifua kinapiga filimbi. Inapita wiki ya tatu, ya nne, wakati mwingine ya sita. Wazazi wanasema ugonjwa umerudi. Wanakwenda farmasi kununua antibiotiki ya pili, kisha ya tatu, na feza ya bukari inakwisha kabla kikohozi hakijakwisha.

Mara nyingi ugonjwa haujarudi. Virusi vilivyoleta mafua vimekwisha kuondoka. Kilichobaki ni njia za hewa zilizojeruhiwa, ambazo sasa zinashtuka kwa kitu kidogo ambacho zamani zilikivumilia. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona kamba hushtuka. Ndivyo kifua kinavyofanya baada ya mafua: vumbi lile lile la barabara, moshi ule ule wa jikoni na baridi ile ile ya asubuhi vinapokelewa kama adui mpya.

Kulijua jambo hili ni faida kwa wakaaji wa Likasi. Linaonyesha ni dawa ipi inafaa na ipi ni kutupa feza, na linasaidia kutofautisha kikohozi cha kuvumilia na kikohozi cha kukimbiza hospitali.

Ndani ya kifua kunatokea nini

Hewa tunayovuta inapita koo, inaingia katika bomba kubwa, kisha inagawanyika katika mirija inayozidi kuwa midogo mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mirija hiyo ina ngozi laini ndani. Juu ya ngozi hiyo kuna vinyweleo vidogo sana vinavyofagia vumbi na makohozi kuelekea juu, usiku na mchana. Chini yake kuna miisho ya neva, na nje yake kuna misuli inayoweza kubana au kulegea.

Virusi vya mafua vinapoingia, vinashambulia ngozi hiyo. Rinovirusi, ambavyo ndivyo vinavyoleta mafua mengi ya kawaida duniani, vinaiharibu kidogo. Vile vya gripi na vile vinavyoitwa RSV, ambavyo huwapata karibu watoto wote kabla hawajafikisha miaka miwili, vinaweza kuiharibu zaidi. Chembe zenye vinyweleo zinakufa na kubanduka, na kazi ya kufagia inasimama. Miisho ya neva iliyokuwa imefunikwa inabaki wazi, kama nyama ya kidole kilichopoteza ukucha.

Mwili nao unatuma askari wake, yaani chembe nyeupe za damu. Askari hao wanaua virusi, lakini vita haviachi nyumba salama: kuta za mirija zinavimba, makohozi yanaongezeka, na kemikali zinazomwagwa zinaongeza wepesi wa neva kushtuka. Virusi vinaweza kwisha ndani ya wiki moja au mbili. Ukarabati wa ngozi unachukua muda mrefu zaidi.

Fikiria ulimi uliounguzwa na chai ya moto. Kesho yake, hata chai ya vuguvugu inauma. Chai haijabadilika, ulimi ndio umebadilika.

Jaribio la mwaka 1976

Waganga walikuwa wakiliona jambo hili kwa miaka mingi bila kuwa na vipimo. Mwaka 1976, watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, katika kundi la Profesa Jay Nadel, walichapisha jaribio lililoweka mambo wazi. Walichukua watu 16 waliokuwa na mafua ya kawaida, watu wazima wasio na pumu, na kuwalinganisha na watu wengine wasio na mafua. Wote walivuta mvuke wenye histamini, kemikali ambayo mwili wenyewe huitoa wakati wa alerji na ambayo hubana mirija ya hewa.

Kwa watu wasio na mafua, ugumu wa hewa kupita uliongezeka kidogo tu, kama theluthi moja. Kwa wenye mafua, ongezeko lilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko hapo. Kipimo cha histamini kilikuwa sawa kwa wote. Tofauti ilikuwa katika vifua. Wepesi huo wa kushtuka haukwisha pamoja na mafua, bali uliendelea kwa wiki kadhaa baadaye.

Watafiti hao waligundua jambo la pili. Walipowapa watu hao atropini, dawa inayozuia ujumbe wa neva ya vagus, ile neva ndefu inayotoka kwenye ubongo mpaka kifuani na tumboni, mirija ilitulia. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya tatizo inapitia kwenye neva. Histamini iligusa miisho iliyo wazi, neva ikapeleka habari kwenye ubongo, na ubongo ukaamuru misuli ibane.

Breki iliyoharibika

Miaka 15 baadaye, mwaka 1991, watafiti wa Marekani Allison Fryer na David Jacoby walionyesha kipande kingine cha habari hii. Walifanya kazi na kobayi, wale wanyama wadogo ambao familia nyingi za Kivu hufuga kwa ajili ya nyama. Neva ya vagus hubana misuli ya mirija kwa kumwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Lakini neva hiyo ina breki yake: mahali maalumu kwenye ncha yake panapohisi kemikali ikitosha na kuiambia neva iache kumwaga.

Kobayi walioambukizwa virusi vya parainfluenza walipoteza breki hiyo. Neva iliguswa kidogo na ikamwaga kemikali bila kipimo, na misuli ikabana kupita kiasi. Ni kama lori linaloteremka mlima bila breki: dereva ni yule yule, mzigo ni ule ule, lakini kusimama imekuwa shida.

Kwa hiyo mtu aliyetoka kwenye mafua ana mambo matatu kwa pamoja kifuani: ngozi iliyobanduka, uvimbe wenye makohozi, na neva isiyo na breki nzuri. Ndiyo sababu anaweza kukohoa kwa kucheka, kwa kukimbia nyuma ya mpira, kwa kulala chali, kwa harufu ya pilipili inayokaangwa au kwa kutoka nje asubuhi. Anaweza kukohoa mpaka mbavu zinauma, na bado hana virusi hata kimoja cha kumwambukiza jirani.

Likasi ina kila kitu cha kushtua kifua

Mji wa Likasi, kwenye barabara inayotoka Lubumbashi kwenda Kolwezi, ulijengwa juu ya shaba. Kata zake nne, Likasi, Kikula, Panda na Shituru, zimeishi kwa karibu miaka mia moja pembeni ya viwanda vya kusafisha madini. Malori ya madini yanapita, barabara nyingi za mitaa ni za udongo, na kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua hainyeshi. Udongo mwekundu unageuka kuwa unga, na kila gari linalopita linauinua mpaka ndani ya nyumba.

Kiangazi hicho hicho ndicho kinacholeta baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Madirisha yanafungwa. Familia inalala pamoja katika chumba kimoja, na nyumba nyingine zinaingiza mbabula ndani ili kupasha joto. Hapa mambo mawili yanakutana: watu wanakaribiana, hivyo virusi vinahama kirahisi kutoka pua moja kwenda nyingine, na hewa wanayovuta baada ya ugonjwa imejaa vitu vya kushtua kifua.

Swali linaloulizwa kila mwaka ni kama baridi ndiyo inaleta mafua. Baridi peke yake haizai virusi, maana mafua yanatoka kwa mtu mwenye mafua. Lakini hewa baridi na kavu inakausha ngozi ya mirija, na kwa kifua kilichojeruhiwa hilo linatosha kuanzisha kikohozi. Kwa hiyo mama anayemfunika mtoto shingo asubuhi hafanyi jambo la bure. Hamkingi na virusi, lakini anakipunguzia kifua chake sababu za kushtuka.

Makala yana siri yake. Watu wengi wanayaona kuwa safi kuliko kuni kwa sababu moshi wake hauonekani sana. Lakini yanatoa chembe ndogo sana zinazofika ndani ya mapafu, na yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, ambayo huua watu waliolala katika chumba kilichofungwa. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linasema moshi wa jikoni unakaribia kuzidisha mara mbili hatari ya mtoto mdogo kupata nimonia. Mwaka 2003, watafiti wa Southampton, Uingereza, walionyesha kwamba watoto wenye pumu waliovuta zaidi gesi ya dioksidi ya naitrojeni, inayotokana na moto na magari, ndio walioumia zaidi waliposhikwa na virusi. Virusi na moshi vinasaidiana kukiumiza kifua kile kile.

Halafu kuna vumbi la madini. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti uliopima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Walikuta kobalti kwa kiasi kikubwa, hata kwa watoto. Utafiti huo haukuhusu mafua, lakini ulionyesha kwamba vumbi haliishii barabarani, linaingia mwilini. Tena inajulikana tangu zamani kwamba kobalti inaweza kuwaletea pumu baadhi ya wafanyakazi wanaoivuta kila siku. Mfanyakazi anayerudi kwenye vumbi siku ya tano baada ya gripi nzito anarudi na kifua kisicho na ngozi kamili.

Kwa mwenye pumu, hatari ni kubwa zaidi

Mtu asiye na pumu atakohoa wiki kadhaa na kupona. Mwenye pumu, ile wengi wanaita asima, anaanza na mirija ambayo tayari ni myepesi kushtuka. Mafua kwake ni petroli juu ya makala yanayowaka chini ya majivu.

Mwaka 1995, watafiti wa Southampton waliwafuatilia watoto wa miaka 9 hadi 11 wenye matatizo ya kifua kwa zaidi ya mwaka mzima, wakipima pua zao kila walipozidiwa. Katika mashambulizi kama 80 kwa kila 100 walikuta virusi, na zaidi ya nusu ya virusi hivyo vilikuwa vya mafua ya kawaida. Katika nchi kama Canada na Uingereza, waganga wanajua kwamba mwezi wa tisa, wiki chache baada ya shule kufunguliwa, hospitali hujaa watoto wenye pumu. Watoto wanakutana, wanapeana virusi, na vifua vinabana. Kwetu pia masomo huanza mwezi wa tisa, tena mwishoni mwa kiangazi, wakati vumbi limefika kileleni. Mzazi mwenye mtoto wa pumu afanye vizuri kuhakikisha dawa yake ya kuzuia ipo nyumbani kabla ya kengele ya kwanza.

Pumu yenyewe haiambukizi. Mtoto hawezi kuipata kwa kukaa benchi moja na mwenye pumu au kwa kunywa kikombe kimoja. Kinachohama ni virusi vya mafua. Na pumu si laana wala kazi ya jirani mbaya. Familia zinazotumia miezi kumtafuta aliyeroga zinapoteza muda ambao mtoto angekuwa anapumua vizuri.

Watoto wachanga na swali la kesho

Kwa watoto wa chini ya miaka miwili, mirija ni myembamba sana. Uvimbe kidogo na makohozi kidogo vinatosha kuifunga. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uitwao PERCH, uliofanyika katika nchi saba zikiwemo jirani yetu Zambia na pia Kenya. Ulionyesha kwamba virusi vya RSV ndivyo vilivyokuwa chanzo kikubwa kuliko vingine vyote cha nimonia kali iliyolaza watoto hospitalini, karibu mtoto mmoja kwa kila watatu.

Watoto wengi waliopita katika RSV kali wanabaki na kifua kinachopiga filimbi kila wanapopata mafua. Wazazi wanauliza kama itakuwa hivyo maisha yote. Watafiti wa Tucson, Arizona, waliwafuatilia watoto wa namna hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1999 wakaandika kwamba hatari ya kupiga filimbi ilikuwa kubwa miaka ya kwanza, ikapungua kadiri watoto walivyokua, na walipofika miaka 13 tofauti kati yao na wenzao haikuonekana tena. Kwa wengi, kifua kinakomaa na kutulia.

Mtoto wa chini ya umri wa shule anaweza kupata mafua mara sita mpaka nane kwa mwaka. Ikiwa kila mafua yanaacha wiki kadhaa za wepesi wa kushtuka, mafua mapya yanafika kabla ya kifua kupona yale ya zamani. Mzazi anaona ugonjwa mmoja usiokwisha, kumbe ni mafua kadhaa yaliyofuatana.

Dawa gani inasaidia, na ipi ni kutupa feza

Antibiotiki inaua bakteria. Haiui virusi, na haitengenezi ngozi ya mirija. Kumpa mtoto amoksisilini kwa sababu ya kikohozi kilichobaki baada ya mafua, wakati hana homa wala hapumui haraka, hakumsaidii. Kunamletea kuhara, na kunawafundisha bakteria kuizoea dawa ambayo atakuja kuihitaji siku akipata nimonia ya kweli. Siku hiyo antibiotiki ina kazi yake, na asicheleweshewe.

Mwongozo wa OMS kwa vituo vya afya unaijua tofauti hii. Mtoto akifika akipumua haraka na kifua kinapiga filimbi, mhudumu anatakiwa kwanza ampe dawa ya kuvuta ya kufungua mirija, kama salbutamoli, hata mara tatu kwa kupishana dakika 15 mpaka 20, kisha ahesabu pumzi upya kabla ya kuamua kama ni nimonia. Mtoto akitulia baada ya dawa hiyo, huenda tatizo lilikuwa mirija iliyobana. Mzazi ana haki ya kuuliza kwa heshima kama kipimo hicho kimefanyika.

Salbutamoli ya kuvuta inafanya kazi ndani ya dakika chache. Ile ya vidonge au sirupu inachelewa, na inautetemesha mwili na kuudundisha moyo zaidi. Lakini hata ya kuvuta inalegeza misuli tu, haizimi uvimbe. Mwenye pumu anayeishi kwa pampu ya salbutamoli peke yake anapepea moshi bila kuzima moto. Tangu mwaka 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu uitwao GINA hautaki tena watu wazima na vijana kuanzia miaka 12 watibiwe kwa salbutamoli peke yake. Wanahitaji pia dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe, ya kundi la kortikosteroidi, kwa mfano budesonidi au beklometasoni.

Vipi sindano na vidonge vya kortikosteroidi, kama deksametasoni na prednisoloni, ambavyo vinauzwa kila mahali? Katika shambulio la pumu vinaokoa maisha, chini ya uangalizi wa munganga. Lakini kwa kikohozi cha mtu asiye na pumu, utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba prednisoloni haikufupisha kikohozi wala kukipunguza. Kuitumia mara kwa mara bila sababu kunapandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa.

Kwa kikohozi kilichobaki peke yake, mambo ya kawaida ndiyo yanayosaidia: kunywa maji ya kutosha, kukaa mbali na moshi, na kijiko cha asali kabla ya kulala kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, maana inaweza kumletea sumu ya hatari.

Chupa ya plastiki inayosaidia

Pampu ya kuvuta ina shida moja: mtoto hawezi kuvuta wakati ule ule inapobonyezwa, na dawa inabaki mdomoni. Kifaa cha katikati kinachoshika dawa ili mtoto aivute polepole ni ghali na hakipatikani kirahisi. Suluhisho lilitoka hapa Afrika. Mwaka 1999, Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha utafiti wa watoto waliokuwa na shambulio la pumu. Walitengeneza kifaa hicho kwa chupa ya plastiki ya mililita 500, wakakilinganisha na kile cha dukani. Chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawasawa na kifaa cha kununua.

Chupa inaoshwa kwa maji na sabuni, inaachwa ikauke yenyewe bila kufutwa. Tundu linatobolewa kwenye kitako, lenye umbo na ukubwa wa mdomo wa pampu, kisha pembeni panazibwa hewa isipite. Mtoto anaweka mdomo kwenye shingo ya chupa, pampu inabonyezwa mara moja, na anavuta na kutoa pumzi polepole mara tano au sita. Mtoto mdogo anahitaji kinyago. Mara ya kwanza fanyeni mbele ya muuguzi wa kituo cha afya, ambaye pia ndiye wa kusema idadi ya kubonyeza.

Kikohozi kisichongoja

Kusema kwamba kikohozi kinaweza kubaki wiki sita hakumaanishi kukaa tu na kungoja. Katika mji wa madini kama huu, kifua kikuu kipo. Yeyote anayekohoa zaidi ya wiki mbili anatakiwa kupimwa makohozi, zaidi sana akiwa anakonda, anatoka jasho usiku, ana homa ya jioni au anakohoa damu. Mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu unatoa matibabu bure. Mtu akipimwa na kukutwa hana, anaweza kuvumilia kikohozi cha baada ya mafua kwa moyo mtulivu. Na homa katika mji wetu ipimwe malaria kila mara, hata kama kuna mafua.

Kwa mtoto, hesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue tumbo na kifua, uhesabu mara ngapi kinapanda kwa dakika moja nzima. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni hatari. Kutoka miezi miwili mpaka kumi na moja, ni 50 au zaidi. Kutoka mwaka mmoja mpaka mitano, ni 40 au zaidi. Simu yenye saa inatosha kwa kazi hii.

Usihesabu hata kidogo, kimbia hospitali, ukiona ngozi ya chini ya mbavu inaingia ndani kila anapovuta pumzi, midomo au ulimi vinakuwa vya buluu, mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, au amelegea na haamki vizuri. Kwa mwenye pumu wa umri wowote, ishara ni kushindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au kubonyeza pampu bila kupata nafuu. Kifua kilichokuwa kinapiga filimbi kikinyamaza ghafla huku mgonjwa anahangaika, hiyo si nafuu. Hewa imekoma kupita.

Yanayowezekana nyumbani

Hakuna familia ya Likasi inayoweza kusimamisha malori au kuamuru mvua inyeshe. Lakini wiki sita baada ya mafua ni muda unaohesabika, na katika wiki hizo mambo machache yanaleta tofauti. Mbabula iwashwe nje kwenye lupango mpaka makala yashike vizuri, na isilale chumbani hata siku moja. Mtoto anayekohoa asikae mgongoni mwa mama wakati wa kupika. Nyumba na lupango vinyunyiziwe maji kabla ya kufagia. Anayevuta sigara avutie mbali na nyumba. Mwenye mafua akohoe kwenye kiwiko, anawe mikono kwa sabuni, na asimbusu mtoto mchanga.

Chanjo za kituo cha afya zisikosekane. Ile ya pentavalent inakinga kifaduro na bakteria ya Hib, na ile ya pneumokoki inakinga sababu kubwa ya nimonia. Kunyonyesha maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita kunampa mtoto kinga ambayo haiuzwi farmasi. OMS sasa inapendekeza pia nchi ziwakinge watoto wachanga dhidi ya RSV, kwa chanjo ya mama mjamzito au kwa sindano ya kinga kwa mtoto. Ni jambo la kuwauliza viongozi wa afya wa jimbo na wa taifa: litafika lini kwetu?

Mpaka siku hiyo, kabla ya kununua antibiotiki ya tatu, jiulize maswali matatu. Mtoto ana homa? Anapumua haraka? Anakonda au amelegea? Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja, nenda kituo cha afya leo. Kama yote ni hapana na kikohozi hakijapita wiki mbili, ondoa moshi, ondoa vumbi, na upe kifua muda wa kushona ngozi yake. Kikipita wiki mbili, mpeleke apimwe.